Kitenzi Kimoja, Maumbo Manne: Kufundisha Njeo za Kiingereza kwa Kuanzia Kwenye Kiswahili

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kufundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule za serikali mkoani Morogoro, na jambo ambalo nimelishughulikia kuliko jingine lolote ni kumpitisha mwanafunzi katika njeo, yaani nyakati, za kitenzi cha kawaida cha Kiingereza. Kwa kitenzi cha kawaida ninamaanisha kile ambacho wakati wake uliopita hupatikana kwa kuongeza -ed mwishoni bila mzizi kubadilika, kama vile cook, wash, help na plant. Wanafunzi ninaowapokea hutoka shule za msingi ambako Kiingereza ni somo mojawapo tu na masomo mengine hufundishwa kwa Kiswahili. Wakiingia sekondari, baiolojia, jiografia na hisabati zote huwageukia kwa Kiingereza katika muhula mmoja. Mwanafunzi asiyeweza kutofautisha jambo lililotokea mara moja na jambo linalotokea kila mara hawezi kueleza jaribio alilolifanya maabara, hata kama jaribio lenyewe amelielewa vizuri. Kwa hiyo sijawahi kuiona mada hii kuwa ya kupitisha muda mpaka tufike kwenye mada kubwa zaidi.

Njia iliyozoeleka ni kuchora jedwali la njeo kumi na mbili ubaoni, wanafunzi wakalinakili kwenye madaftari, kisha wakalikariri kwa pamoja kuanzia "I cook" hadi "I will have been cooking". Wanafunzi wetu ni hodari wa kukariri, na darasa zima huweza kuimba jedwali hilo bila kukosea hata mstari. Hata hivyo, dakika chache baadaye mwalimu akimuuliza mmoja wao "What did your mother cook yesterday?", jibu linalotoka mara nyingi ni "My mother is cook ugali". Jedwali linampa mwanafunzi maumbo, lakini halimwambii lini na kwa nini mtu huchagua umbo moja na kuacha jingine. Na kilichonifanya niliweke jedwali mwisho wa mada badala ya mwanzo ni kwamba karibu tofauti zote zilizomo ndani yake mwanafunzi anazo tayari katika Kiswahili chake, na anazitumia kila siku tangu alipoanza kusema, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ni kitu kilekile.

Huwa ninaanza na kitenzi pika. Ninawaomba wanafunzi wanitajie maumbo yake yote, na wao hunitajia ninapika, unapika, anapika, nilipika, hatukupika, hawajapika, watapika, hupika, angepika, wangalipika, mpaka ubao unajaa na mikono bado iko juu. Kisha ninaandika upande wa pili maumbo ya cook: cook, cooks, cooking, cooked. Ninawaambia kwamba hayo manne ndiyo yote, na kwamba hakuna jingine litakalokuja baadaye kuwashtukiza. Huwa naona nyuso zikilegea. Mtoto aliyeambiwa kwamba Kiingereza kina njeo kumi na mbili anaiona kazi kubwa mbele yake, lakini yuleyule akiambiwa kwamba kitenzi cha kawaida kina maumbo manne tu, na kwamba yanayobaki ni kazi ya vitenzi visaidizi vichache kama is, has na will, anashika kalamu.

Tofauti ya kwanza inayohitaji muda ni ya nafsi. Katika Kiswahili kitenzi chenyewe kimebeba mtendaji: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Katika Kiingereza kitenzi hakimtaji mtendaji, isipokuwa ile -s ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo. Kutokana na hapo huzaliwa makosa mawili yanayokwenda kinyume. Wapo wanaomwacha mtendaji kabisa, wakaandika "Yesterday cooked rice", kwa sababu "jana nilipika wali" haihitaji neno mimi. Na wapo wanaomtaja mara mbili, wakaandika "My mother she cooks rice", kwa sababu katika "mama anapika" kuna mama na pia kuna a-, na mwanafunzi mwaminifu hataki kuacha kitu bila kukitafsiri. Mwanafunzi wa namna hii hajakosa akili wala bidii; amefuata sarufi ya lugha yake kwa uangalifu mkubwa, na kinachomsaidia ni kuonyeshwa kwamba a- ya anapika imeshafanyiwa kazi na neno mother lenyewe.

Kuhusu wakati uliopo, kiambishi -na- ndicho kinacholeta utata. "Mama anapika" inaweza kuwa na maana kwamba yuko jikoni hivi sasa, na inaweza pia kuwa na maana kwamba kupika ndiyo kazi yake ya kila siku. Kiingereza hutenganisha hali hizo mbili kwa nguvu: "Mother is cooking" kwa ya kwanza, "Mother cooks" kwa ya pili. Lakini Kiswahili nacho kina njia ya kuzitenganisha, nayo ni hu-. Kwa hiyo ninawapa wanafunzi kipimo chepesi. Ukiweza kuiondoa -na- ukaweka hu- na sentensi ikabaki na maana uliyokusudia, tumia cook au cooks. Ukiweza kuongeza maneno "sasa hivi" bila sentensi kuharibika, tumia am, is au are pamoja na cooking. Kipimo hiki hukidhi mahitaji ya kidato cha kwanza kwa vitenzi vya kutenda. Kwa vitenzi vya hisia na ufahamu, kama want, need na like, hakifai, kwa kuwa Kiingereza husema "I want water" hata kama kiu ni ya sasa hivi, na hivyo ninavifundisha peke yake. Ile "is cook" ya mwanafunzi niliyemtaja juu pia huanzia kwenye -na-: anatafuta neno la Kiingereza la kusimama mahali pa kiambishi hicho, na is ndilo neno fupi linaloonekana kutoshea. Akishaelewa kwamba is haiwezi kufuatwa na cook peke yake, na kwamba ni lazima ivute -ing, kosa hilo hupungua haraka.

Wakati uliopita ndipo mahali ninapokaa muda mrefu kuliko pote, na sababu ya kwanza ni matamshi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kwa hiyo mwanafunzi akiona cooked hutamka "kukedi", silabi tatu, ilhali Mwingereza hutamka silabi moja inayofungwa kwa sauti ya t. Anapotamka hivyo mwenyewe hakuna anayeumia, kwani atasikika na kueleweka. Tatizo kubwa liko masikioni. Anayetarajia kusikia "ed" kama silabi kamili hataisikia kabisa -ed halisi ikipita, na katika imla ataandika "I walk to town" pale mwalimu aliposema "I walked to town", kwa sababu t ya walked na t ya to zimeungana zikawa kama sauti moja. Nimesahihisha madaftari mengi ya namna hii, na nikiyatazama kwa makini ninaona kwamba mwanafunzi ameandika kwa uaminifu kile alichokisikia.

Kwa sababu hiyo ninafundisha sauti tatu za -ed kabla ya kufundisha tahajia yake. Wanafunzi huweka vidole kooni na kutamka sauti ya mwisho ya kitenzi. Koo lisipotetema, kama katika cook, help na wash, -ed hutamkwa t. Koo likitetema, kama katika clean, open na play, -ed hutamkwa d. Na kitenzi kikiishia kwa sauti ya t au d yenyewe, kama plant, want na need, hapo tu ndipo inapoongezeka silabi nzima, kwa kuwa ulimi hauwezi kutamka t mbili mfululizo bila kupumzika katikati. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kwa nini sauti ni tatu na maandishi ni yaleyale, nami humjibu kwamba tahajia ya Kiingereza huhifadhi umbo la zamani hata pale matamshi yanapokuwa yamehama. Hapo zamani irabu ya -ed ilitamkwa waziwazi, na mpaka leo inasikika katika maneno machache ya sifa kama wicked na naked.

Tahajia yenyewe naipitia kwa haraka. Cry inakuwa cried lakini play inabaki played, kwa sababu ya irabu inayotangulia y. Stop inaongeza p na kuwa stopped. Visit haiongezi t kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Travel huandikwa travelled Uingereza na traveled Marekani, na kwa kuwa shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza, tunaandika l mbili. Haya ni mambo ya mazoezi, na mwanafunzi anayesoma vitabu huyapata bila kuchoshwa na kanuni.

Sababu ya pili ya kukaa muda mrefu kwenye wakati uliopita ni ukanushi na maswali. Sentensi "My mother did not cooked ugali" nimeiona katika maandishi ya wanafunzi wa kila aina, wenye alama za juu na wenye alama za chini, na hata katika barua za watu wazima wanaoomba kazi. Siku moja, baada ya kulisahihisha kosa hilo ubaoni, msichana mmoja aliyekaa dawati la mbele alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, kama did tayari ni jana, basi ile ed ingekuwa ya kazi gani?"

"Hebu waambie wenzako hivyohivyo, mwanangu," nilimwambia.

Alisimama akawageukia wenzake na kueleza kwamba jana ni moja, kwa hiyo inasemwa mara moja. Tangu siku hiyo naifundisha kanuni hiyo kwa namna yake, na nimeikuza kidogo tu: katika kundi la vitenzi vya Kiingereza, mzigo wa wakati na wa nafsi hubebwa na kitenzi cha kwanza peke yake, na vinavyofuata hutembea mikono mitupu. Katika "She cooks", cooks iko peke yake, kwa hiyo inabeba -s yenyewe. Katika "She does not cook" amekuja does mbele yake, mzigo ukahamia kwake, na cook ikabaki tupu. Katika "She cooked" wakati uliopita uko kwenye cooked, katika "Did she cook?" umehamia kwenye did. Kanuni hiyohiyo huendelea kufanya kazi katika "is cooking" na "was cooking", "has cooked" na "had cooked", hadi "has been cooking", ambamo has ndiyo inayobadilika kuwa have au had huku maneno mengine mawili yakibaki kama yalivyo. Mwanafunzi aliyeishika kanuni hii anaweza kulijenga jedwali lote mwenyewe bila kulikariri.

Hapa pia Kiswahili kinaeleza kosa linatoka wapi. Katika "alikuwa anapika" nafsi imetajwa mara mbili, a- kwenye alikuwa na a- kwenye anapika, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Hakuna anayesema "alikuwa pika". Mtu aliyelelewa katika lugha inayotaja nafsi kwenye kila kitenzi ataona ni jambo la kawaida kuandika "Does she cooks?". Ninapowaonyesha wanafunzi sentensi hizi mbili zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine, wanaona wenyewe kwamba lugha hizi mbili zimeamua kugawa kazi kwa namna tofauti, na hakuna iliyo na akili zaidi ya nyingine.

Hali timilifu, yaani ile ya -me- kwa Kiswahili na ya have au has kwa Kiingereza, ndiyo ninayoipenda zaidi kuifundisha, kwa sababu ndiyo inayosemwa kuwa ngumu kuliko zote na ndiyo ambayo Kiswahili kimeitayarishia njia vizuri kuliko zote. Mzungumzaji wa Kiswahili anajua, bila kufundishwa, tofauti ya "amepika" na "alipika". Anayesema "mama amepika" anakualika mezani, kwa maana chakula kipo. Anayesema "mama alipika" anasimulia jambo la wakati ambao umeshapita. "Mother has cooked" na "Mother cooked" zina tofauti hiyohiyo. Ukanushi nao unakubaliana: hajapika ni "has not cooked", na ile bado tunayopenda kuiongeza, "bado hajapika", inakaa vizuri mahali pa yet. Hakupika ni "did not cook". Nikiwapa wanafunzi sentensi za -me-, -li-, -ja- na -ku- wazigeuze, wengi wao hupatia kwenye zoezi la kwanza, jambo ambalo halikutokea hata mara moja katika madarasa niliyoyaona yakianza na maelezo ya Kiingereza kuhusu uhusiano wa wakati uliopita na wakati uliopo.

Mambo matatu, hata hivyo, yanahitaji tahadhari, na ninayafundisha moja baada ya jingine, kila moja kwa siku yake. Katika mazungumzo tunasema bila wasiwasi "nimefika jana", lakini Kiingereza hakikubali hali timilifu ikae pamoja na wakati uliotajwa na kwisha, kwa hiyo "I have arrived yesterday" lazima igeuke kuwa "I arrived yesterday". Pili, -me- yetu mara nyingi huonyesha hali aliyo nayo mtu sasa: amechoka, amelala, amekasirika. Huyo aliyechoka kwa Kiingereza "is tired", na aliyelala "is sleeping" au "is asleep". Mwanafunzi anayeandika "The baby has slept" akiwa na maana kwamba mtoto yuko usingizini anamwambia msomaji kitu kingine kabisa. Tatu ni tangu. Sisi husema "nafanya kazi hapa tangu 2015", na wakati uliopo unatutosha, ila Kiingereza hudai "I have worked here since 2015" au "I have been working here since 2015". Kosa la "I work here since 2015" ni gumu kung'oka kuliko mengine yote niliyoyataja, na nimelisikia kwa watu waliosoma hadi chuo kikuu.

Njeo ndefu zenye visaidizi, ambazo katika jedwali huwatisha watu, huja kwa urahisi baada ya hapo, kwa sababu Kiswahili huzijenga kwa kitenzi kuwa kama Kiingereza kinavyozijenga kwa be na have. Alikuwa anapika ni "was cooking", alikuwa amepika ni "had cooked", atakuwa anapika ni "will be cooking", atakuwa amepika ni "will have cooked". Ninachowatahadharisha ni kwamba "alikuwa akipika kila Jumapili" inaeleza mazoea ya zamani, na Kiingereza kwa maana hiyo hupendelea "used to cook" au "cooked" tu.

Wakati ujao ni mfupi. Kitenzi cha Kiingereza hakina umbo lake lenyewe la wakati ujao. Kinatumia will, na will haibadiliki kwa nafsi yoyote, jambo linalowafurahisha wanafunzi. Kuna mtego mmoja tu, nao ni "When I will arrive, I will cook". Unatokana na "nitakapofika nitapika", ambamo -ta- imetajwa mara mbili na Kiswahili kimeridhika. Dawa yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe: ninawaambia wanafunzi waiseme sentensi upya kwa -ki-, "nikifika nitapika", na kwa kuwa -ki- haina wakati ndani yake, wanaandika "When I arrive, I will cook" bila kusukumwa.

Wanafunzi wakubwa kidogo hupenda kujua kwa nini vitenzi vingine hufuata kanuni na vingine havifuati. Ninawaeleza kwamba help, ambayo leo ni ya kawaida kabisa, haikuwa hivyo: katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, kwenye wimbo wa Mariamu katika Luka sura ya kwanza, imeandikwa "hath holpen" mahali ambapo leo tungeandika "has helped". Work nayo ilikuwa na wrought kabla ya worked kuizidi nguvu. Vitenzi vipya vinavyoingia katika Kiingereza, vya kompyuta na vya simu, karibu vyote huchukua -ed, na aliyeshika maumbo manne ya cook anaweza kutumia kitenzi ambacho hajawahi kukiona.

Ninaposahihisha, ninatumia rangi mbili. Rangi moja huonyesha kwamba umbo la kitenzi limekosewa, kama vile cookd au cooking bila is. Nyingine huonyesha kwamba umbo ni sahihi ila njeo haikufaa mahali pale. Mwanafunzi mwenye makosa ya rangi ya kwanza anahitaji mazoezi ya kuandika, na mwenye makosa ya rangi ya pili anahitaji kuiweka sentensi yake kwa Kiswahili kwanza na kujiuliza alikusudia -li- au -me-, -na- au hu-. Kuwachanganya hawa wawili katika zoezi moja la marudio ni kuwapotezea muda wote wawili.

Jedwali la njeo kumi na mbili huja wiki ya mwisho ya mada, na wanaolichora ni wanafunzi wenyewe, kila kundi likiwa na kitenzi chake na kila kisanduku kikiwa na sentensi mbili, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini. Orodha ya vitenzi visivyo vya kawaida tunaifungua muhula wa pili, tukianza na be, have na do, ambavyo kufikia hapo wanafunzi wamekwisha kuvitumia katika kila sentensi ya ukanushi na kila swali waliloandika tangu mwanzo wa mwaka.